Dole Gumba Chini ya Kikombe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Mmoja wetu atachoka kabla ya mwezi wa tano, na sidhani ni mvua.

Nijieleze, maana nikija kuyasoma haya uzeeni huenda nimesahau. Mwaka jana niliomba nafasi ya kusomea ufinyanzi chuo kikuu, wakanikatalia kwa sentensi moja: kazi zako ni nzuri, lakini hazionekani kuwa za mkono mmoja. Nililia siku nzima. Kisha nikazipanga kazi zangu sakafuni, nikaona wamesema kweli. Kila chombo kilikuwa na baba yake na mama yake.

Mwaka huu wanataka jalada la picha za kazi zangu, na siku ya usaili niende na seti ya vikombe sita vinavyofanana, vya kunywea hasa, si vya kupamba kabati. Nikikosa tena, mama keshaniombea kazi kwenye chumba cha kufulia pale hospitali anapofanya yeye. Ni kazi ya heshima, na ndiyo iliyonilea. Lakini nikifikiria kukunja mashuka mpaka nistaafu, naukimbilia udongo.

Mungu nipe subira, na jua kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Hakuna kinachokauka. Nguo hazikauki, kuta hazikauki, udongo ndio usiseme.

Tunaishi nyuma ya bekari ya mume wa mama. Alimwoa mama mwaka juzi, baada ya mama kukaa mjane tangu mimi sijaota meno. Humu nitamwita Mwokaji. Ana kwa ana simwiti kitu. Nimekuwa fundi wa kuzungumza naye bila kumwita: nakohoa, nagonga mlango, nasimama mahali atakaponiona. Mama amechoka. "Huyo ni mtu au ni kengele ya mlango?" ananiuliza. "Mwite baba, mdomo hautang'oka." Namwambia nitamwita. Sijamwita.

Si mtu mbaya. Ni mtu wa maneno mawili tu, nayo ni "bado kidogo". Mikate imeiva? Bado kidogo. Mvua itakatika? Bado kidogo. Juzi alisimama barazani akanitazama nikisukuma gurudumu la kufinyangia, nikamwonyesha kikombe, nikamwuliza, "Kizuri?" Jibu jijazie mwenyewe.

Jumatano, 13 Machi

Nimempelekea Mwalimu vikombe vinne. Mwalimu ndiye aliyenifundisha sanaa sekondari, ndiye aliyeniazima gurudumu, na ndiye mwenye ufunguo wa tanuri la umeme la shule. Bila mama huyu ningekuwa nafinyanga hewa.

Hakuviangalia vikombe. Alivigeuza juu chini.

"Mfinyanzi akipewa chombo hukigeuza kwanza," alisema. "Huku juu kila mtu anapamba. Uvivu wote uko kwenye kitako."

Kisha akavisimamisha mezani, akavigusa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Vyote vinne vikacheza kama vimesikia ngoma.

"Vitako vyako vimevimba kwa chini. Mtu akija kwako anakunywa chai au anabembea?"

Nimecheka njia nzima. Hasira imenijia nilipofika nyumbani.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Vikombe vipya vinane. Vyote vinacheza.

Jumanne, 19 Machi

Leo ni msiba. Vyombo vyangu vilionekana vikavu kwa nje, kumbe ndani vilikuwa vimenyamaza na maji yao. Moto ulipopanda, maji yakawa mvuke, mvuke ukatafuta mlango, na mlango haukuwepo. Mwalimu alipofungua tanuri la shule hatukukuta kikombe wala bakuli, tumekuta vigae vitupu. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wa kale. Leo mimi ningeweza kukaribisha mtaa mzima na kila mtu akapata gae lake.

Nilirudi na boksi la vigae kichwani, mvua inanipiga. Mwokaji alikuwa mlangoni pa bekari. Alichungulia ndani ya boksi, akakuna shingo.

"Ile rafu iliyo juu ya oveni," alisema. "Mikate ikishatoka asubuhi, joto linabaki mpaka jioni. Si kali. Weka vitu vyako huko."

Nilihesabu maneno yake nikidhani ninaota. Nikashukuru. Kwa kukohoa na kutikisa kichwa, lakini nimeshukuru.

Alhamisi, 28 Machi

Rafu imeniokoa. Sahani, mabakuli, mtungi mmoja wenye shingo ndefu, vyote vimekauka polepole kama vinavyotakiwa na vimeiva bila ufa. Mwokaji amenipa na mbao zake za kupangia mikate, na vile vitambaa vinene anavyofunikia madonge ya unga yakiumuka. Navilowesha kidogo, nafunikia vyombo, visikauke upande mmoja.

Leo Mpigapicha wa jirani, yule wa picha za pasipoti, amekuja kupiga kazi zangu kwa ajili ya jalada. Hakuwa na kitambaa cheupe cha kuweka nyuma, tukatumia aproni ya Mwokaji. Mtungi wangu umetoka kama bwana harusi. Mpigapicha hakutaka malipo, ametaka mkate. Nimeshiba shukrani leo mpaka naogopa.

Zimebaki picha za seti ya vikombe tu. Na vikombe vyenyewe.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimevipata! Vikombe sita, na cha saba cha akiba. Mwezi mzima mkono wangu umekuwa ukitoa ndugu wa kambo, leo umetoa pacha. Mdomo ule ule, tumbo lile lile, unene ule ule. Jioni vilipoanza kushika ugumu nimevigeuza juu chini kwenye ubao, nikavifunika kitambaa, nikaviweka sita rafuni. Cha saba kimebaki barazani ndani ya plastiki, kibichi bado, kwa sababu rafu imejaa.

Mama amenipikia. Nimelala na udongo kwenye kucha, na sijali.

Ijumaa, 5 Aprili

Nisamehe mwandiko, wewe utakayesoma, ambaye ni mimi.

Asubuhi nilikwenda bekari kuwaangalia pacha wangu. Nikafunua kitambaa. Kila kikombe, katikati ya kitako, kilikuwa na shimo la duara lililobonyea kwa ndani, na ukilisogelea unaona mistari ya ngozi. Dole gumba. Vyote sita. Nikavigeuza: ndani, chini kabisa, kila kimoja kimeota kilima.

Mwokaji alikuwa amesimama karibu na magunia ya unga, uso umemshuka.

"Nilidhani ni mikate," alisema.

Sasa hivi ninamwelewa. Mbao ni zake, vitambaa ni vyake, rafu ni yake, na chini ya kitambaa chenye unyevu kuna vitu vya duara vimejipanga kwa adabu. Kila alfajiri, kabla hajawasha taa kubwa, hupitisha mkono chini ya kitambaa na kubonyeza kila donge kwa dole gumba. Donge likiwa laini na likirudi polepole, limeumuka. Likiwa zito na lisirudi, bado kidogo. Miaka yote anafanya hivyo, mkono unakwenda wenyewe hata akili ikiwa kitandani.

"La kwanza halikurudi," alisema. "La pili halikurudi. Nikasema, leo hamira imekufa. Nikaendelea kubonyeza, nikitafuta hata moja lenye uhai."

Mtu mwingine angecheka. Mimi damu ilinichemka. Nilimwuliza kama anajua kilichokuwa pale. Nilimwambia kwamba ule ulikuwa mwaka wangu, kwamba moto wa kwanza wa shule ni Jumatatu ya tarehe kumi na tano na vikiukosa hakuna tena, kwamba vikombe kama vile vimenichukua mwezi. Alikuna shingo tu. Nadhani kule kukuna shingo ndiko kulikonipandisha. Nikasema:

"Wewe si baba yangu. Usiguse vitu vyangu."

Alifuta mikono kwenye aproni, ingawa haikuwa na unga. Akachukua trei, akaenda kupanga mikate dukani.

Mama alikuwa mlangoni, ndiyo kwanza ametoka zamu, mkoba bado begani. Alisikia yote. "Asante ya punda," alisema, akaishia hapo. Mateke hakuyamalizia, aliniachia mwenyewe.

Jumamosi, 6 Aprili

Nimejaribu kusukuma kilima cha kikombe kimoja kwa ndani kirudi chini. Kitako kimepasuka. Wamebaki watano.

Mama haongei nami, anaongea na sufuria.

Mezani nimekuta kipande changu cha mkate kimefunikwa sahani, kile cha pembeni chenye ganda gumu, ninachokipenda. Kipo kila asubuhi tangu tuhamie hapa. Mama hajui kwamba nakipenda. Yeye hula katikati na anadhani kila mtu hula katikati. Miaka miwili nimekitafuna bila kujiuliza ni nani anayenikatia. Leo nimejiuliza, na hakikushuka vizuri.

Jumapili, 7 Aprili

Nimevipeleka vikombe vitano nyumbani kwa Mwalimu, nikiwa tayari kulia. Akavigeuza. Akatazama yale mabonyeo kwa muda mrefu. Kisha akavisimamisha mezani, akavigusa kwa ncha ya kidole kama kawaida yake. Kimya. Hata kimoja hakikucheza. Kitako kilichobonyea ndani hukaa kwa ukingo wake, hakina uvimbe wa kubembea.

"Nani amekufundisha?"

"Ajali," nikasema.

"Basi mshukuru huyo Ajali, na umwombe akumalizie cha sita."

Nyumbani nilijaribu kwanza dole langu kwenye donge la udongo wa mazoezi. Limetoa kishimo cha kuku kudonoa. La Mwokaji ni pana, limeacha kina kimoja kwenye vyote vitano, kana kwamba limepimwa. Hapakuwa na njia. Nikakitoa cha saba kwenye plastiki, nikaenda kusimama mlangoni pa bekari. Alikuwa anakanda. Nikakohoa. Akaendelea kukanda. Nikakohoa tena.

"Una kifua?" aliuliza bila kugeuka.

"Naomba dole gumba lako," nikasema.

Aligeuka, akatazama kikombe, akatazama mkono wake. Akanawa mpaka viwiko kama daktari wa upasuaji. Akainua dole juu ya kitako, na dole likaanza kutetemeka.

"Siwezi," alisema. "Nikikiangalia naogopa. Nitakuharibia tena."

Ikabidi nitumie akili. Nikakichukua kikombe, nikakipanga juu chini kwenye ubao wake katikati ya madonge ya unga, nikafunika kitambaa juu ya vyote. "Fanya kazi yako," nikamwambia. Akafumba macho, akaingiza mkono akaanzia mwanzo wa mstari: donge, donge, donge, kikombe, donge.

"Hilo moja halijaumuka," alisema, na akacheka meno yote nje. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Ana pengo pembeni.

"Nisamehe lile neno la juzi," nikasema.

"Neno gani?"

Analijua. Nimemwona akilijua. Wapo watu wanaokusamehe kwa kukutolea hotuba, na wapo wanaokusamehe kwa kujifanya viziwi, na mimi namshukuru Mungu kwa viziwi.

Jumatatu, 15 Aprili

Moto wa kwanza. Mvua na ngurumo, na umeme ukikatika tumekwisha. Mama, ambaye hajui tanuri linafananaje, amempigia Mwalimu simu mara mbili kuuliza hali ya mgonjwa. Umeme haukukatika.

Jumanne, 23 Aprili

Moto wa pili, ule wa rangi inayoiva ikang'aa kama kioo. Nimetumia kijani kibichi cha majani ya mvua hii hii, na chini nimeacha udongo mtupu ili dole lionekane. Vimetoka sita. Nimevisimamisha kwenye meza ya shule, nikavigusa. Havichezi. Mwalimu amekunywa chai kwa kimoja, akafika mwisho, akatazama kilima kilichochomoza chini.

"Chai ikiisha kunaota kisiwa," alisema. Mwalimu hasifu. Hiyo ndiyo sifa yake, nami nimeihifadhi.

Mpigapicha amemaliza picha. Jalada limekamilika.

Alhamisi, 25 Aprili

Usaili ni kesho. Nilikuwa navifunga vikombe kwa magazeti, Mwokaji akanitazama, akatikisa kichwa. Akaleta kreti ya mikate. Akapanga mikate laini ya leo chini, akaweka kikombe katikati ya mkate na mkate, mpaka vyote sita vikakaa kama watoto waliofunikwa blanketi. "Havitavunjika hata ukianguka wewe," alisema.

Mama amenipigia pasi gauni mara tatu. Nina watu, kwa kweli. Nisiposhinda, si kwa kukosa watu.

Ijumaa, 26 Aprili

Chumba kirefu, madirisha makubwa, meza yenye madoa ya udongo wa watu wote waliotangulia. Jopo lilikuwa la watu watatu: mzee mwenye miwani kwenye kamba, mama mwenye kilemba cha bluu, na kijana mwenye mikono mikubwa. Nilipofungua kreti, chumba kizima kilinukia mkate. Mzee akauliza kama nimekosea jengo. Wakacheka, nikacheka nao.

Walipitia jalada ukurasa kwa ukurasa. Mama wa kilemba aliuliza maswali ya mtungi, nikajibu. Kisha kijana mwenye mikono mikubwa akanyoosha mkono, akachukua kikombe. Akakigeuza. Nikasema moyoni, Mwalimu, upewe maua yako. Akachukua cha pili, akakigeuza. Akavigeuza vyote sita, wenzake wakainama kutazama.

"Hii ndiyo alama yako?" aliuliza.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema ndiyo. Ni neno dogo, na kila mfinyanzi ana alama yake, na mwaka jana walinikatalia kwa kukosa mkono mmoja. Lakini yeye tayari alikuwa anatazama dole langu lililolala mezani, jembamba kama kijiti, na hata asingekuwa anatazama, nisingeweza kula mkate wa mtu miaka miwili kisha nimwibie na dole.

"Hapana," nikasema.

"Ya nani?"

"Ya baba."

Neno lilitoka lenyewe. Niliposikia nimelisema, ikabidi nijifanye nakohoa. Kisha nikawasimulia yote, rafu, kitambaa, hamira iliyokufa, cha sita kilichobonyezwa kwa kufumba macho. Sikuacha hata lile neno langu la mlangoni. Mzee alivua miwani, akajifuta machozi ya kicheko. Mama wa kilemba hakucheka.

"Sasa," alisema, "kama dole ni la baba yako, sisi tutakujuaje wewe?"

"Yeye yuko hapo chini tu," nikasema. "Kwingine kote ni mimi."

Kijana akavisimamisha vikombe, akavigusa kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja. Vikatulia. Wakaniambia watanijulisha. Mikate wamebaki nayo.

Nimelisema mbele ya watu watatu nisiowajua. Kumwambia mwenyewe bado. Nilipofika aliuliza vimefika salama? Nikasema vimefika. Akasema haya. Nikaingia ndani.

Jumatano, 1 Mei

Kimya.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeanza chumba cha kufulia, siku tatu kwa wiki. Mama amenionyesha namna ya kukunja shuka kubwa peke yako, kona kwa kona, bila kulitupa chini. Mikono yake inakwenda yenyewe, kama ya baba kwenye kitambaa. Miaka ishirini na ushee nimeishi na mikono hiyo na sikuwahi kuitazama ikifanya kazi. Mashuka hayanitishi tena kama zamani. Chuo nakitaka vile vile.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imepungua. Hakuna ujumbe.

Ijumaa, 17 Mei

Nimepata. Nimepata nafasi!

Ujumbe umeingia nikiwa na shuka mkononi. Mama ameusoma, akausoma tena, kisha akapiga kelele mpaka muuguzi wa wodi akaja mbio akidhani kuna aliyeungua. Tumerudi nyumbani kwa miguu tukicheka kama walevi. Mwokaji, samahani, baba, alikuwa kaunta. Mama akamwambia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Akanitazama. Midomo ikacheza. Akasema, "Mikate itaungua," akaingia ndani haraka.

"Mikate gani?" mama akaniuliza. "Oveni imezimwa tangu mchana."

Tulimwacha huko mpaka mikate ilipoacha kuungua.

Jumapili, 19 Mei

Jua, mara ya kwanza kwa muda mrefu. Vitu vingekauka hata barazani.

Lakini jana nimefinyanga vikombe vingine sita, vya nyumbani, vya sisi kunywea. Jioni nimevigeuza juu chini kwenye ubao wa mikate, nikafunika kitambaa chenye unyevu, nikaviweka rafuni. Asubuhi nimekwenda bekari mapema. Alikuwa anakanda, mgongo kwangu. Nimesimama mlangoni. Kifua kilijiandaa kukohoa kwa mazoea yake, nikakizuia.

"Baba."

Mikono ilisimama ndani ya unga.

"Baba, njoo uniangalizie kama hivi vimeumuka."

Hakugeuka mara moja. Alinawa, akajifuta, akachukua muda mrefu sana kujifuta. Kisha akaja, akaingiza mkono chini ya kitambaa akitazama dirishani, na nikasikia pumzi yake kila alipobonyeza, kimoja, kingine, mpaka mwisho wa mstari. Macho yalikuwa yamemjaa maji na hakujali kuyafuta.

"Bado kidogo, mwanangu," alisema.